Kupamba kuta za bafu dogo hapa Dodoma: maliza chumvi kwanza, marumaru baadaye

Bafu letu la Ilazo lina upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 1.8. Nikisimama katikati nikanyoosha mikono, vidole vinagusa kuta za pande zote mbili. Mabafu ya namna hii yamejaa hapa mjini, hasa kwenye vyumba vya masta vilivyoota Nkuhungu, Kisasa, Nzuguni na Iyumbu tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016. Choo na bafu humohumo, kidirisha juu karibu na dari, na pipa la maji kwenye kona kwa ajili ya siku za mgao.

Mara ya kwanza nililipaka kwa haraka. Nilichagua kijani kama cha majani ya mzabibu, rangi ya mafuta, mikono miwili, yaani kupaka mara mbili. Lilipendeza kwa wiki chache tu. Mwezi wa pili ukuta ukaanza kutoa malengelenge. Nikiligusa moja kwa ukucha linapasuka, na ndani yake unadondoka unga mweupe laini kama wa mhogo. Niliumia sana, maana pesa ile nilikuwa nimeidunduliza. Fundi mzee niliyemwita aje kuangalia hakujali hata rangi. Aliweka kiganja chini ya ukuta, akakiacha pale kitambo, kisha akaniambia: "Mama, huu ukuta bado unakunywa maji. Ukiuvalisha nguo, utaivua."

Tangu siku ile nimeshatengeneza bafu letu upya, la dada yangu Kikuyu, na la mama mkwe kule Mpwapwa. Ninachoandika hapa ndicho nilichokifanya kwa mikono yangu nikisaidiana na fundi.

Hatua ya 1: Ujue ukuta wako unanyonya maji wapi

Ule unga mweupe ni chumvi. Inaweza kuwa imetoka ardhini, kwenye mchanga wa lipu, kwenye matofali, au kwenye maji yaliyokorogea sementi. Maji yanapopanda ndani ya ukuta yanaibeba, yakifika juu hewa yetu kavu inayakausha upesi, chumvi inabaki na kuganda. Ikiganda chini ya rangi inaisukuma mpaka itoke. Kwa hiyo kupaka rangi nyingine juu yake ni kupoteza pesa, hata rangi iwe ghali namna gani.

Pima hivi. Kata kipande cha nailoni safi, sentimita 30 kwa 30, kibandike ukutani kwa selotepu pana pande zote nne bila kuacha mwanya. Kiache usiku na mchana. Ukikuta matone upande wa nailoni ulioangalia ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukikuta umande upande wa nje tu, huo ni mvuke wa kuogea, na dawa yake ni dirisha. Rudia kipimo hicho sehemu tatu: karibu na sakafu, usawa wa kiuno, na chini ya bomba la mvua.

Kama ukuta una maji, tafuta chanzo kabla ya kugusa kitu. Funga koki zote za nyumba uangalie mita. Mshale ukiendelea kuzunguka, kuna bomba linavuja mahali. Angalia sakafu kama maji yanakwenda kwenye tundu au yanatuama kwenye kona. Muulize aliyejenga kama msingi uliwekewa ile nailoni ya kuzuia unyevu. Kwetu lilikuwa bomba la ndani ya ukuta, kiungo kimoja tu kikidondosha tone baada ya tone.

Chumvi iondoe ikiwa kavu. Sugua kwa brashi ngumu, kusanya unga kwenye kizoleo, utupe nje mbali na nyumba. Mimi nilikuwa nimeshachovya kitambaa kwenye ndoo fundi akanishika mkono: maji yanaiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani ya ukuta, na mwezi ujao inatoka tena. Lipu iliyolegea ing'oe yote, uende kama sentimita 30 juu ya pale alama ya unyevu inapoishia.

Ukipiga lipu mpya, angalia mchanga. Mchanga wa makorongo yetu mara nyingi huwa na tope. Jaza nusu chupa ya plastiki kwa mchanga, ongeza maji, tikisa, weka chini mpaka kesho yake. Tope litakaa juu ya mchanga kama mkanda. Mkanda huo ukizidi sehemu moja ya kumi ya kina cha mchanga, uoshe au utafute mwingine. Lipu ikishapigwa, imwagilie siku saba, halafu iache ikauke kama wiki nne hivi. Najua wiki nne ni ndefu kwa mtu mwenye bafu moja. Lakini sementi mbichi ina ukali unaoila rangi ya mafuta na kuigeuza kuwa kitu cha kunata kama sabuni, na hilo ndilo kosa langu la pili lile la mara ya kwanza: lipu yangu ilikuwa na siku kumi na mbili tu.

Mvua zetu kwa kawaida zinaanza Desemba na kuishia Aprili. Kazi hii ifanye Juni mpaka Oktoba, ukuta utakushukuru.

Hatua ya 2: Tazama mnavyooga

Picha nyingi za mabafu tunazoziona kwenye simu ni za watu wanaosimama chini ya bomba la mvua ndani ya kizimba cha kioo. Wengi wetu tunaoga kwa ndoo na kopo, hata wenye bomba la mvua, siku maji yakikatika. Maji ya kopo yanaruka chini na kwa upana: yanapiga kuta zote nne kuanzia sakafuni mpaka kama kifuani. Kwa hiyo kuziba ukuta mmoja tu wa upande wa bomba hakutoshi.

Chukua penseli, uoge kama kawaida, ukimaliza weka alama pale matone ya juu yalipofika kila upande. Sisi alama ya juu ilikuwa mita 1.4, na upande wa bomba la mvua ilipita mita 1.8. Tukaamua: marumaru mpaka mita 1.6 kuzunguka pote, na upande wa bomba la mvua mpaka mita 2. Juu ya hapo ni rangi. Kona ya pipa nayo lazima iwe na marumaru, kwa sababu pipa linasugua ukuta kila linaposogezwa na hakuna rangi inayovumilia hilo.

Hatua ya 3: Chagua marumaru kwa maji ya hapa

Maji yetu mengi ni ya visima, na ni mazito kwa madini. Tone likikauka juu ya kitu cheusi kinachong'aa linaacha duara jeupe. Nimeona bafu lenye marumaru nyeusi za kupendeza kabisa, na mwenye nyumba anazifuta asubuhi na jioni kama mtu anayefuta machozi ya mtoto. Usijitese. Chagua rangi ya mchanga, ya maziwa, kijivu cha majivu, au udongo mwepesi, zenye mng'ao mdogo. Kwenye hizo alama za maji hazionekani haraka, na vumbi jekundu la miezi ya upepo halikukimbilii machoni.

Yale marumaru ya mfano wa mawe yenye mabonde na milima, siyapendi kwa bafu dogo la Dodoma. Vumbi linakaa kwenye kila kingo, sabuni inalifuata, mwisho unasugua kwa mswaki. Uso uliolala sawasawa unafutika kwa mkono mmoja.

Kuhusu ukubwa, kwa ukuta mwembamba kipande cha sentimita 25 kwa 40 kinafaa sana. Kikisimamishwa wima kinaupa ukuta urefu. Na hesabu yake ni rahisi: vipande kumi ni mita moja ya mraba.

Hii ndiyo hesabu ya bafu letu. Mzunguko wa kuta ni mita 6. Mita 6 mara 1.6 ni mita za mraba 9.6. Toa mlango wenye upana wa mita 0.7, yaani 1.12, inabaki 8.48. Ongeza ile safu moja ya juu upande wa bomba la mvua, kwenye kuta mbili za kona yake: 1.2 na 1.8 ni mita 3 za upana, mara 0.4 ni 1.2. Jumla 9.68. Weka asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika, unapata 10.65, ambayo ni vipande 107. Nunua vyote siku moja, na usome namba ya toleo kwenye kila boksi; toleo likitofautiana, rangi inaweza kupishana na ukutani itaonekana. Vitakavyobaki usivigawe. Weka vitano au sita juu ya kabati, siku moja fundi bomba atavunja ukuta.

Hatua ya 4: Zuia maji, halafu panga kabla ya kubandika

Marumaru yenyewe haipitishi maji, ila viungo vyake vinapitisha. Paka dawa ya kuzuia maji ya aina ya sementi, mikono miwili: wa kwanza ukipeleka brashi kushoto na kulia, wa pili juu na chini. Kona na pale bomba linapotokeza ongeza zaidi. Kabla hujafunika, piga picha za kuta zote ukiwa umeegesha futi kamba ukutani. Picha hiyo ndiyo itakuonyesha bomba lilipo siku ya kutoboa.

Sasa sehemu ambayo mafundi wengi wanairuka. Wengi wanaanza kona moja na kwenda, wakifika kona ya pili wanabakiwa na uzi wa sentimita mbili. Kwenye bafu kubwa hutauona. Kwenye bafu dogo unakaa nao uso kwa uso kila asubuhi.

Tafuta katikati ya ukuta, piga mstari wima kwa timazi. Ukuta wetu wa mita 1.2: tukiweka kiungo juu ya mstari, zinaingia marumaru mbili nzima kila upande na kubaki sentimita 10 kwenye kila kona. Tukiweka kipande chenyewe katikati ya mstari, vinaingia vitatu vizima na kubaki sentimita 22.5 kila kona, karibu kipande kizima. Tukachagua hiyo. Ukuta wa mita 1.8 ukawa kinyume: kipande kikiwa katikati, kona zinabaki na sentimita 2.5, balaa, kiungo kikiwa katikati, zinabaki 15, safi. Kila ukuta una jibu lake. Panga vipande vikavu sakafuni kwanza, ukiacha nafasi za viungo, uone kwa macho.

Hatua ya 5: Kubandika

Usianzie sakafuni. Sakafu za mabafu zina mteremko, na ukizifuata safu zote zitainama. Gongomea ubao ulionyooka usawa wa kimo cha kipande kimoja, uupime kwa pima maji, uanzie safu ya pili juu yake. Ya chini utaikata na kuibandika mwisho, baada ya kutoa ubao na kuziba matundu ya misumari kwa ile dawa ya kuzuia maji.

Ukitumia gundi ya marumaru, vipande visilowekwe. Ukitumia uji wa sementi, vilowekwe kwanza, la sivyo vinanyonya maji ya sementi na kushika vibaya. Mimi nashauri gundi kwa kuta. Koroga kidogo kidogo na pakaa eneo la vipande viwili au vitatu tu kwa mwiko wa meno, kwa sababu upepo wetu unakausha uso wa gundi wakati bado unahangaika na kipande. Gusa gundi kwa kidole. Isiposhika kidole, ikwangue upake nyingine.

Mgongo wa kipande ujae gundi wote. Kuna mtindo wa kuweka madonge matano, manne kwenye pembe na moja katikati, ukataze. Kesho yake gonga kila kipande kwa fundo la kidole. Kikilia kama debe tupu, kitoe wakati bado kinatoka kwa urahisi.

Subiri saa 24 kabla ya grauti, yaani uji wa kuziba nafasi za viungo. Rangi ya grauti nakushauri kijivu au ya mchanga. Nyeupe hapa inageuka kahawia kabla ya mwaka kwisha. Kwenye kona, kuta mbili zinapokutana, na pale ukuta unapokutana na sakafu, weka silikoni. Kuta hucheza kidogo, grauti ikipasuka hapo maji yanaingia nyuma na tunarudi kwenye malengelenge.

Hatua ya 6: Rangi ya juu

Hapa ni kazi nyepesi. Msasa, vumbi lifutwe, praima (rangi ya kwanza ya kushikisha), kisha mikono miwili ya rangi ya silki inayooshwa. Dari na sehemu ya juu ya ukuta zipake rangi moja. Mstari wa kutenganisha ukuta na dari ukipotea, jicho halijui chumba kinaishia wapi, na bafu linapanda.

Usichague rangi dukani. Paka kwenye kipande cha boksi ukubwa wa daftari, kiegeshe bafuni, ukitazame asubuhi jua likiingia na usiku taa ikiwaka. Taa nyeupe kali inaifanya rangi ya maziwa ionekane kama ya wodini. Badilisha taa kwanza kabla hujailaumu rangi.

Hatua ya 7: Ukuta mmoja upewe pambo

Chagua ukuta mmoja, ule unaouona ukifungua mlango, uupe kitu. Mingine mitatu iache itulie. Bafu la mita 1.2 likiwa na maua upande huu, mistari upande ule na picha ya samaki upande wa tatu, mtu anaoga akiwa na haraka ya kutoka.

Mimi sikutaka picha za bahari. Tuko mbali na bahari, na tuna vyetu. Ukipanda barabara ya Arusha, baada ya Kondoa unafika Kolo, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006: watu wembamba warefu, twiga, pofu (wale swala wakubwa), vimechorwa kwa wekundu wa udongo. Nilichukua ule wekundu na ule wembamba, nikachora twiga watatu wakitembea kwa mstari, juu ya marumaru, kwenye sehemu ya rangi.

Namna ya kufanya: chora umbo kwenye plastiki ngumu, jalada la faili linatosha, ulikate kwa wembe upate kiolezo. Kibandike ukutani kwa selotepu ya karatasi. Chovya sponji kwenye rangi, ikandamize kwanza kwenye gazeti mpaka ibaki na rangi kidogo sana, ndipo ugongegonge juu ya kiolezo. Usipake kwa kuvuta, rangi itaingia chini ya plastiki na twiga atakuwa na manyoya. Toa kiolezo ukikiinua moja kwa moja. Ikikauka, paka vanishi isiyo na rangi. Wekundu nilioutumia niliuchanganya mwenyewe, nyekundu na kahawia na tone la nyeusi, mpaka ukafanana na udongo wa barabara ya kwetu. Mama mkwe alipouona alisimama mlangoni akicheka peke yake, akaniambia, "Mwanangu, umeleta pori ndani." Alifurahi. Mwezi uliofuata akataka na lake.

Kama mkono wako hauchori, ungo au kikapu cha ukili kinapendeza, lakini kitundike ukuta wa mlango, mbali na maji, na uwe unakitoa juani mara moja kwa wiki.

Hatua ya 8: Kioo na vya kutundika

Kioo kiweke ukuta unaotazamana na dirisha. Mwanga unaoingia utarudi mara mbili. Kioo kirefu chembamba kinafaa kuliko cha duara kidogo. Kingo zake zipake silikoni nyembamba, maji yakipita nyuma kioo kinaanza kuwa na madoa meusi.

Kutoboa marumaru: bandika selotepu ya karatasi msalaba mahali pa tundu ili drili isiteleze. Tumia kichwa cha kutobolea marumaru, mwendo wa polepole, bila kuwasha ule mpigo wa nyundo wa drili mpaka uwe umepita kipande chote. Usitoboe wima juu ya koki. Itazame ile picha ya mabomba. Rafu moja ya kona kwa sabuni na dodoki, ndoano mbili za taulo nyuma ya mlango, basi.

Kama umepanga

Ongea na mwenye nyumba kabla, kwa heshima, na ikiwezekana kwa maandishi mafupi. Wengine hukubali kukata gharama ya rangi kwenye kodi. Rangi ya mafuta hadi kifuani na silki juu yake, kama kuta za madarasa tuliyosomea, inadumu miaka ikiwa ukuta ni mkavu, na mstari wa kukutania ukiwa umenyooka inapendeza kweli. Zile karatasi za plastiki za kubandika zenye mfano wa marumaru sizitaki karibu na maji. Zinaficha unyevu, na siku ukizibandua unakuta ukungu mweusi umejichorea nyuma. Fedha hiyo nunua kioo. Ukihama unahama nacho.

Madoa ya maji kwenye marumaru za kiwandani yanatoka kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu: paka, subiri dakika kumi, suuza. Usiiache kwenye grauti, na usiitumie kabisa kama una marumaru ya jiwe lenyewe. Sisi tunatundika mpira wa kufutia maji kwenye ndoano karibu na mlango, na wa mwisho kuoga ndiye anayevuta kuta zote nne kabla ya kufungua dirisha.